Babu wa ukoo alikuwa wakili Ireland mwaka 1814: kumbukumbu za mafunzo yake nizitafute wapi?

Mpekuzi

Wakuu, salaam. Naomba mwongozo kwa wanaozifahamu nyaraka za Ireland.

Namfuatilia babu wa ukoo aliyekuwa mwanasheria huko mwanzoni mwa karne ya 19. Nilicho nacho ni kidogo. Kwanza, nakala ya hati ya kupangisha shamba katika Kaunti ya Clare, ya mwaka 1814, ambamo jina lake limefuatiwa na maneno “Gent., Attorney”. Pili, simulizi ya ukoo kwamba alikwenda London kusomea sheria. Tatu, ukoo ulikuwa wa Kikatoliki, na jina leo linaandikwa kwa O’ mbele, ilhali kwenye hati hiyo O’ haipo.

Kila ninapouliza naambiwa nyaraka za Ireland ziliteketea zote mwaka 1922. Je, kuna chochote kilichonusurika kuhusu mafunzo ya mawakili? Na kati ya hati na simulizi, niamini lipi?

Karani_wa_Masjala

Amini hati, halafu uirudie simulizi baadaye. Neno “Attorney” peke yake limeshakuamulia njia ya kupita.

Uwakili wa Ireland ulikuwa na matawi mawili ambayo hayakuchanganyika. Tawi la kwanza ni la wakili wa kusimama mahakamani, anayezungumza mbele ya jaji. Kwenye nyaraka huyu ni “barrister”, “counsellor” au herufi B.L., na jina lake hufuatiwa na “Esq.”. Tawi la pili ni la wakili wa ofisini, anayekaa na mteja, kuandika hati, kufungua kesi na kukimbizana na makaratasi. Alipofanya kazi katika mahakama za King’s Bench, Common Pleas na Exchequer aliitwa “attorney”. Katika mahakama ya Chancery aliitwa “solicitor”. Mara nyingi mtu mmoja alikuwa vyote viwili. Huyu wa ofisini huandikwa “Gent.”, kama babu yako. Baada ya mageuzi ya mahakama ya 1877 neno “attorney” liliachwa, na tangu hapo mawakili wa ofisini wote ni “solicitor”.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu wakili wa kusimama ndiye aliyelazimika kwenda London. Wa ofisini hakulazimika. Yeye alifungwa kwa mkataba chini ya wakili mzoefu, akawa mwanagenzi wake kwa miaka mitano (baadaye wenye shahada ya chuo kikuu walipunguziwa hadi mitatu), ndipo akaapishwa. Kwa hiyo simulizi yenu ya London ama inamhusu mtu mwingine, labda kaka au mjomba, ama imekuzwa kadiri ilivyopita mdomo kwa mdomo.

Kuhusu moto: kilichoteketea tarehe 30 Juni 1922 ni Ofisi ya Nyaraka za Umma, iliyokuwa katika eneo la Four Courts, Dublin. Hasara yake haisemeki: wasia, rejista za makanisa, sensa za 1821 hadi 1851, kumbukumbu za mahakama. Lakini makaratasi ya mafunzo ya mawakili hayakuwa mle. Yalikuwa King’s Inns, chama cha wanasheria kilichoanzishwa 1541, ambacho wakati huo kilikuwa na jengo lake mtaa wa Henrietta. Na kwa bahati yako, hadi mwaka 1866 King’s Inns ilisimamia matawi yote mawili, hivyo wanagenzi wa mawakili wa ofisini nao wamo.

Kitabu cha kufungua ni King’s Inns Admission Papers 1607–1867, kilichochapishwa na Irish Manuscripts Commission mwaka 1982. Kimepangwa kwa alfabeti ya majina ya ukoo, na nakala ya kidijitali iko kwenye tovuti ya hao wachapishaji, bure. Kwanza tafuta jina bila O’, kisha lenye O’, kisha kwa tahajia nyingine zozote unazoweza kuzifikiria. Katika karne ya 18 koo nyingi ziliacha O’ na Mac, na wajukuu wakazirudisha katika karne ya 19. Hata ndugu wawili wa baba mmoja huweza kuandikwa tofauti.

Piga hesabu pia ya mwaka. Kama mwaka 1814 alikuwa tayari “Attorney”, basi alianza uanagenzi si baada ya 1809. Ukikutana na mtu wa jina hilo aliyeanza 1812, mwache, siye.

Kalamu_na_Wino

Karani amemaliza upande wa ofisini. Nami niwaelezee upande wa London, maana wapo watakaosoma uzi huu wakiwa na babu aliyesimama mahakamani kweli.

Kuanzia sheria ya mwaka 1542, Mwairishi aliyetaka kuwa wakili wa kusimama alilazimika kukaa kwa muda katika mojawapo ya vyama vinne vya London: Middle Temple, Inner Temple, Lincoln’s Inn au Gray’s Inn. Sharti hilo halikufutwa hadi 1885. Neno “kusoma” hapa lisikupotoshe. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho hapakuwa na mitihani wala mihadhara ya lazima. Mwanafunzi alihesabiwa mihula kwa kula chakula cha usiku katika ukumbi wa chama, na sheria aliipata vitabuni na kwa kukaa mahakamani akisikiliza. Ndiyo maana hutapata cheti cha masomo wala alama. Utakachopata ni tarehe ya kuandikishwa, jina la baba na mahali.

Faida yake ni kwamba mtu mmoja huacha alama sehemu mbili au tatu. Mfano mzuri ni Daniel O’Connell, wakili na mwanasiasa mashuhuri wa Ireland. Aliandikishwa Lincoln’s Inn mwaka 1794, akahamia Gray’s Inn 1796, kisha akarudi Dublin na kupokewa kuwa wakili mwaka 1798. Anayetafuta Lincoln’s Inn pekee atamwona akiingia na hatamwona akitoka. Kuhama namna hiyo kulikuwa jambo la kawaida, kwa hiyo pitia vyama vyote vinne hata kama umeshampata kimoja.

Rejista za vyama vyote vinne zimechapishwa au kuwekwa kwenye intaneti. Middle Temple, ambayo Waairishi wengi wa karne ya 18 waliipendelea, imeweka rejista yake ya kuandikishwa. Inner Temple ina hifadhidata ya kutafuta kwa jina. Za Lincoln’s Inn na Gray’s Inn zilichapishwa mwishoni mwa karne ya 19, na vitabu hivyo vimeskaniwa.

Yasome maneno kwa makini. “Son and heir” ni mtoto wa kiume wa kwanza aliye hai, mrithi. “Second son”, “third son” ni mpangilio wa wana wa kiume, mabinti hawahesabiwi. Ukiona “deceased” baada ya jina la baba, baba alishafariki kabla ya siku hiyo, na hapo umepata ukomo wa kutafutia kifo chake. Kabla ya 1733 utakuta Kilatini, na neno Hibernia ndilo linalokuonyesha Mwairishi.

Kuna mitego miwili inayowaangusha wengi. Wa kwanza ni mwaka. Kabla ya 1752 mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi, hivyo “10 Februari 1741” kwenye rejista ya zamani ni Februari 1742 kwa hesabu yetu. Wahariri wengine wamesahihisha, wengine wameacha ilivyo. Soma utangulizi wa kitabu kabla hujanakili tarehe. Wa pili ni mzito zaidi: kuandikishwa si kuwa wakili. Wana wa wenye mashamba walipelekwa London kupata adabu za mjini na sheria kidogo ya kulinda ardhi ya baba, wakarudi nyumbani bila kupokewa kabisa. Usiandike “wakili” kwenye nasaba mpaka uone tarehe ya kupokewa.

Mpekuzi

Ahsanteni sana. Nimekifungua kitabu cha King’s Inns na nimempata mtu anayeelekea kuwa yeye, bila O’. Maelezo ni mafupi na yamejaa vifupisho. Nikiondoa majina yanasomeka hivi: “3rd s. of” fulani, “Co. Clare, decd., and” mke wake mwenye jina la ukoo wa kwao, “over 16, ed. Ennis, afft. mother”, kisha “M 1805” na jina la wakili aliyekuwa bwana wake. Je, alizaliwa 1789? Na hiyo M ni nini?

Karani_wa_Masjala

Hapo una mali. Tuichambue kipande kwa kipande.

“3rd s.” ni mtoto wa kiume wa tatu, kwa hiyo kuna kaka wawili wa kutafutwa, na huenda mmoja yumo kwenye kitabu hichohicho kama wakili wa kusimama. Hapo ndipo London yenu inaweza kuwa imetokea. Tafuta wote wenye baba huyohuyo, usiishie kwa mmoja.

“Over 16” usiitumie kukokotoa mwaka wa kuzaliwa. Maana yake ni kwamba alithibitishwa kuwa ametimiza umri unaotakiwa, basi. Anaweza kuwa na miaka 16 na siku moja au 23. Kinachosemwa ni kwamba alizaliwa si baada ya 1789, na nasaba nyingi zimeharibika kwa kugeuza “si baada ya” kuwa “mwaka huo”.

“Ed. Ennis” ni alikosomea kabla. “Afft. mother” ni kiapo kilichoandikwa na mama yake kuthibitisha habari za mwombaji. Kwa kawaida baba ndiye huapa, na kwa kuwa hapa baba ameandikwa marehemu, mama ameshika nafasi yake. Kama “decd.” isingekuwepo, kiapo cha mama, kaka au mjomba kingekuwa dokezo tu la kifo cha baba, maana pengine baba alikuwa mgonjwa au mbali.

M ni Michaelmas, muhula wa Novemba. Mihula ni minne: Hilary (Januari), Easter, Trinity (kuelekea Juni) na Michaelmas. Basi alianza Novemba 1805 hivi, miaka mitano inaishia 1810, na hati yako ya 1814 inakaa vizuri kabisa.

Sasa jina la bwana wake. Watu wengi hulipita, nami naliona ndilo lenye thamani kuliko yote. Ada ya kumweka kijana chini ya wakili ilikuwa kubwa, na familia zilitafuta ndugu wa kumpunguzia au kumsamehe: mjomba, shemeji wa baba, binamu. Linganisha jina la ukoo la bwana huyo na lile la mama. Yakifanana, tafuta kiapo au wasia unaowaunganisha. Yakitofautiana, bado mtafute bwana huyo kwenye kitabu hichohicho, maana naye aliwahi kuwa mwanagenzi wa mtu.

Mwanamji

Naomba niongeze la dini, kwa kuwa Mpekuzi amesema ukoo ulikuwa wa Kikatoliki.

Sheria za adhabu (Penal Laws) ziliwafungia Wakatoliki uwakili wa matawi yote mawili kwa karibu karne nzima. Mlango ulifunguliwa na sheria ya mwaka 1792. Hivyo mwanagenzi wa 1805 angeweza kuwa Mkatoliki waziwazi. Lakini bwana wake, kama alianza kazi kabla ya 1792, lazima alikuwa Mprotestanti, au Mkatoliki aliyebadili dini japo kwa karatasi. Waliobadili walipewa cheti na askofu, wakala kiapo, na majina yakasajiliwa katika Chancery. Rejista za asili ziliungua 1922, ila muhtasari wake ulinusurika na umechapishwa kwa jina The Convert Rolls. Utashangaa jinsi mawakili walivyo wengi humo. Kwa kijana mwenye kipaji hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya kuingia katika kazi hii. Kuliona jina la babu pale kusikufanye udhani watoto nao waliacha Ukatoliki. Mara nyingi mume alibadili, mke akabaki, na watoto wakalelewa upande wa mama.

Kwa upande wa pili zipo Catholic Qualification Rolls, orodha za Wakatoliki waliokula kiapo cha utii ili wanufaike na sheria za kulegeza vikwazo hivyo. Faharasa yake iko Nyaraka za Taifa za Ireland, na inaonyesha jina, makazi, kazi na tarehe. Kwa mwanasheria Mkatoliki wa kipindi hicho, mimi ningeipitia kabla ya rejista ya kanisa, kwa sababu rejista nyingi za parokia za magharibi ya Ireland zinaanza baadaye sana.

Shahidi_wa_Pili

Mpekuzi, hati yako ya 1814 ulipata nakala ya hati yenyewe au ya muhtasari wa Registry of Deeds, yaani masjala ya hati za mali? Nauliza kwa sababu Registry of Deeds, iliyoanza 1708, haikuguswa na moto, na kwa wakili wa ofisini ni shamba lisiloisha mavuno.

Hati ilipopelekwa kusajiliwa, uliandikwa muhtasari wenye mashahidi wasiopungua wawili, na angalau mmoja kati yao alipaswa kuwa ameshuhudia hati ya asili pia, kisha akaapa. Ni nani aliyekuwa karibu na hati zote mbili? Mara nyingi ni karani au mwanagenzi wa wakili aliyeziandika. Kwa hiyo kati ya 1805 na 1810 mtafute babu yako miongoni mwa mashahidi, kwenye hati zilizopitia ofisi ya bwana wake. Utaona “clerk to” fulani, “gentleman”, na mtaa wa Dublin.

Ugumu uko kwenye faharasa. Kuna faharasa ya majina ya watoaji tu (aliyeuza, aliyepangisha) na faharasa ya maeneo. Wapokeaji hawana faharasa yao, mashahidi ndio kabisa. Tena kabla ya 1833 faharasa ya majina haitaji kaunti, hivyo jina la kawaida litakupa mistari mingi isiyotofautishika. Njia ni mbili. Ama uanze na faharasa ya maeneo ya Clare na kufungua kila juzuu iliyotajwa, ama utumie hifadhidata ya watu wa kujitolea wanaoorodhesha kila jina, mashahidi wakiwemo. Haijakamilika, lakini kazi yao ni ya kupongezwa. Picha za juzuu na faharasa zinaonekana kwenye tovuti ya FamilySearch. Nakili namba zote tatu: juzuu, ukurasa na namba ya muhtasari. Ukikosa moja utaanza upya.

Tafuta mkataba wa ndoa hasa. Familia zenye mali ziliusajili, na humo hutajwa wazazi wa pande zote mbili, ndugu waliosimama kama wadhamini, mahari na mashamba.

Kalamu_na_Wino

Nakazia la Shahidi kuhusu mtaa wa Dublin. Mahakama kuu zilikuwa Dublin, kwa hiyo wakili wa Clare alihitaji anwani ya mjini wakati wa mihula. Vitabu vya anwani (Wilson’s katika kipindi cha babu yako, Thom’s kuanzia 1844) huorodhesha mawakili, na wengi wana anwani mbili, ya Dublin na ya mji wa kwao, mathalani Ennis. Usimhesabu kuwa mkazi wa Dublin ukaanza kupekua makanisa ya mjini. Pitia kitabu cha kila mwaka mfululizo: mwaka jina linapoonekana mara ya kwanza hukaribia kuapishwa kwake, na linapotoweka hukaribia kifo au kustaafu. Huenda likachelewa kufutwa, kwa hiyo acha nafasi ya mwaka au miwili.

Na kama alifariki kabla ya 1858, wasia wenyewe pengine hauko. Lakini rejista za ushuru wa mirathi zinazoanza 1828 zimenusurika Nyaraka za Taifa, na za 1828 hadi 1839 zina muhtasari wa wasia wenye majina ya warithi. Kuanzia 1858 kuna kalenda za mirathi, ambazo hazikuungua.

Binti_Sheria

Naomba kudandia. Wangu ni wa karibu zaidi: mama mkubwa wa bibi, inasemekana alikuwa wakili Belfast miaka ya 1930. Kitabu cha King’s Inns mlichotaja kinaishia 1867.

Karani_wa_Masjala

Karibu, dada. Kwako ramani inabadilika mara mbili.

Kwa upande wa ofisini, sheria ya 1866 iliwatoa wanagenzi mikononi mwa King’s Inns, na sheria ya 1898 ikaikabidhi Incorporated Law Society, chama cha mawakili wa ofisini, mafunzo na nidhamu yote. Baada ya nchi kugawanywa, Ireland Kaskazini ikapata chama chake, Incorporated Law Society of Northern Ireland, mwaka 1922. Kwa upande wa kusimama, kuna kitabu King’s Inns Barristers 1868–2004 kwa waliopokewa Dublin, ilhali Belfast ilianzisha Inn of Court yake, yaani chama cha mawakili wa kusimama, mwaka 1926. Kwa hiyo wa miaka ya 1930 Belfast umtafute kaskazini kwanza, na ofisi ya nyaraka ya huko, PRONI, ndiyo ya kuanzia.

Jinsia yake inakurahisishia. Wanawake waliruhusiwa kwa sheria ya 1919. Frances Kyle na Averil Deverell walipokewa kuwa mawakili wa kusimama Dublin tarehe 1 Novemba 1921, na Mary Dorothea Heron akawa mwanamke wa kwanza kusajiliwa kama wakili wa ofisini mwaka 1923. Waliofuata walikuwa wachache mno kiasi kwamba magazeti yaliwataja kwa majina walipofaulu mitihani. Tafuta kwa jina lake la kabla ya ndoa.

Mkiandika barua kwa chama chochote kati ya hivi, tajeni tawi la uwakili, jina kwa tahajia zote, kaunti, jina la baba kama linajulikana, na muda usiozidi miaka kumi. Swali la “mna chochote kuhusu ukoo wetu” hurudi mikono mitupu. Kaunti nazo ziandikeni kwa jina la wakati ule: Offaly ilikuwa King’s County na Laois ilikuwa Queen’s County, na ndivyo zilivyo kwenye faharasa.

Mpekuzi

Nimerudi kitabuni. Wa kwanza wa baba yuleyule yumo: “1st s.”, kaunti ileile, mama yuleyule, na ameandikwa Middle Temple kabla ya King’s Inns. Jina la bwana wa babu yangu ni la ukoo wa mama yao.

Karani_wa_Masjala

Basi wa London ni kaka mkubwa. Nenda kwenye rejista ya Middle Temple uangalie kama baba ameandikwa “deceased” au bado hai siku kaka alipoandikishwa. Kifo cha baba kitabanwa kati ya tarehe hiyo na Novemba 1805. Halafu umtafute mjomba wakili kwenye Convert Rolls.